Moshi Juu ya Hietavaara

Wodini, 12 Novemba 1978

Mjukuu wangu Helka,

Nakusalimu, na natumai barua hii itakukuta mzima na umevaa soksi mbili. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Nyonga niliyovunja Oktoba huuma kila hali ya hewa inapotaka kugeuka, kwa hiyo wodi nzima siku hizi wananiuliza mimi habari za theluji badala ya kufungua redio.

Muuguzi aliniambia kwamba ulishuka kwenye basi Alhamisi na kwamba jirani yetu, Armas Tossavainen, alikupa ufunguo. Umeacha chumba chako kule Borås, Uswidi, ukaja kukaa peke yako katika nyumba uliyoijua wakati wa kiangazi tu, ukiwa mtoto, ukila matunda ya msituni na kuoga ziwani. Sijui nikushukuru vipi, kwa hiyo nitakupa kazi.

Kwanza ujue mambo yalivyo, maana baba yako ni mtu wa maneno machache. Daktari anasema nitatembea. Mwisho wa Machi madaktari watakaa kikao juu yangu. Nyumba yangu ikiwa na moto na mtu ndani yake, nitarudishwa nyumbani. Ikiwa imefungwa na kupoa, nitahamishiwa makao ya wazee, na baba yako, Teuvo, ataiuza. Simlaumu. Mwanangu anaona nyumba ya magogo pembeni mwa ziwa na mama mwenye mkongojo, basi anaogopa.

Sasa kazi. Washa tanuri kila siku saa tatu asubuhi. Kuni za betula, zile zenye gome jeupe, ziko kibandani upande wa kushoto. Za msonobari upande wa kulia ni za sauna. Kuni zikisha kuwaka na kubaki makaa, yakoroge, kisha subiri. Juu ya mdomo wa tanuri utaona kishikizo cha chuma. Ndicho kinachosukuma bamba la kuziba dohani ili joto lisikimbie. Usilisukume kabla makaa hayajawa mekundu matupu, bila mwali hata mmoja wa buluu. Sharti hilo usilivunje.

Viazi viko chini ya sakafu ya jikoni. Gari la duka hupita Jumanne na Ijumaa na kusimama penye masanduku ya barua. Armas atakuchokoza. Mwache, ndivyo anavyosema karibu.

Ni mimi bibi yako,
Senja

Hietavaara, 20 Novemba 1978

Bibi mpendwa,

Habari za wodi, na nyonga inasemaje? Mimi sijambo, ila pua yangu sina uhakika nayo. Leo asubuhi ilikuwa digrii kumi na saba chini ya sifuri nje, na ndani, bibi, ndani ya nyumba, digrii tisa. Nimekunywa kahawa kitandani nimevaa koti na kofia. Kule Borås nilikuwa nageuza kitufe tu ukutani.

Nimejifunza haya: ndoo ya kisimani hugandana na barafu ukiiacha chini. Suruali za ndani zikianikwa nje hugeuka mbao, ukiziegemeza ukutani zinasimama zenyewe kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Njia ya kwenda kibanda cha kuni ukiilima theluji asubuhi, adhuhuri haipo tena.

Armas alinikuta napasua kuni. Alisimama kwenye mbao zake za kutelezea thelujini, akatazama kwa muda mrefu.

"Mswidi," akasema, "hilo ni shoka au gitaa?"

Nikamwambia mimi si Mswidi, ni mjukuu wa Senja. Akasema Senja mwenyewe bado ni mgeni, yuko hapa miaka thelathini tu, wanaendelea kumwangalia. Kiwanja hiki, kwa maelezo yake, kilikuwa malisho ya farasi wao, serikali ikakimega ikawapa watu waliokimbia vita kutoka mashariki, na farasi yule hajasamehe.

"Farasi huyo bado yupo?"

"Alikufa mwaka hamsini na tatu. Akiwa na kinyongo."

Kisha akachukua shoka, akanionyesha pa kusimama, akapasua kuni za siku mbili.

Bibi, nina swali. Nasubiri makaa kama ulivyosema. Nakaa pale karibu saa nzima nikitazama joto langu likipanda dohani kwenda kuwapasha moto kunguru. Je, ni lazima nisubiri mpaka mwisho kabisa?

Mjukuu wako,
Helka

Wodini, 27 Novemba 1978

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, maana Aune wa kitanda cha pili alidai haki yake. Amecheka habari za farasi mpaka muuguzi akaja kutazama kulikoni. Nimetembea hatua kumi na nne, kutoka kitandani hadi dirishani, nimeshikilia fremu ya chuma. Dirishani kuna egesho la magari. Nimeridhika nalo.

Jibu la swali lako ni ndiyo, ni lazima. Kuhusu digrii tisa, usikate tamaa. Nyumba ya magogo ikilala baridi mwezi mzima huchukua wiki tatu kupata joto ndani ya mbao zenyewe. Oktoba yote haikuwashwa. Unaipasha moto nyumba kwanza, wewe baadaye.

Nitakueleza kwa nini naing'ang'ania. Kule kwetu mashariki, upande wa ziwa Ladoga, vita vilipoanza tuliamriwa kuondoka, Desemba 1939. Tulipewa saa mbili. Mikate ilikuwa tanurini, na nilisimama na beleshi la mikate mkononi nikijiuliza niitoe mibichi au niiache iive. Niliiacha. Babu yako Miihkali alifunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni, kana kwamba tunakwenda kanisani. Mwaka 1942 tuliruhusiwa kurudi. Tulikuta dohani peke yake, imesimama katikati ya magugu. Halafu, mwaka 1944, tukaondoka tena, safari hii moja kwa moja. Hii ya Hietavaara Miihkali aliijenga kwa mikono yake mwaka 1948, kila gogo. Sitaki kusikia kwamba nayo imepoa.

Toa mazulia yote, yalaze kifudifudi juu ya theluji mpya, uyapige mgongoni. Hakuna sabuni inayoshinda hiyo.

Bibi yako,
Senja

Hietavaara, 11 Desemba 1978

Bibi yangu,

Hujambo wewe, hajambo Aune? Mimi ni mzima na ninajivuna, kwa hiyo nivumilie.

Nimepika piirakka zako, mikate ile myembamba iliyojazwa uji wa mchele. Za kwanza zilifanana na nyayo za kiatu. Za pili Armas alikula nane, akasema ukitaka kuzibandika mlangoni kama bawaba zitadumu, kisha akaomba mbili za kwenda nazo. Sauna ya Jumamosi nimeiweza. Nilitoka nikajilaza kwenye theluji kama mlivyotufundisha kwa maneno tulipokuwa wadogo, na nikajua kwa nini mlitufundisha kwa maneno tu.

Na habari kubwa: jana ilikuwa digrii ishirini na nane chini ya sifuri, na asubuhi nilikuta digrii kumi na sita ndani. Kumi na sita, bibi! Hata Armas alikitazama kipimajoto mara mbili. Sikumwambia siri yangu, lakini wewe nakuambia. Nimegundua kwamba nikisukuma bamba mapema kidogo, makaa yakiwa bado na nguvu, joto lote linabaki ndani. Miali ya buluu imekuwa midogo tu. Kichwa huniuma kidogo jioni, lakini nadhani ni kwa sababu ya kufuma chini ya taa.

Kwa mwendo huu, mwisho wa Machi watakukuta una nyumba yenye joto kuliko wodi yao.

Mjukuu wako mwenye majivuno,
Helka

Wodini, Alhamisi, 14 Desemba 1978

Helka,

Hakuna salamu leo. Barua yako imefika asubuhi hii. Usisukume lile bamba mapema tena, hata kwa dakika moja. Hicho kichwa si cha kufuma. Makaa yenye mwali wa buluu yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na ukiziba dohani haina pa kwenda isipokuwa kifuani mwako. Fungua mlango. Lifungue bamba. Kaa na baridi.

Nimempigia Armas simu tangu asubuhi, inalia tu. Wiki hii anakata miti msituni hadi Ijumaa. Barua hii nimemkabidhi mtu wa posta mkononi, lakini najua haitafika kwenye sanduku lako kabla ya Jumatatu.

Nijibu siku hiyo hiyo.

Bibi

Wodini, 19 Desemba 1978

Mjukuu wangu,

Armas alinipigia Jumapili. Alisema uko hai, umelala nyumbani kwake, dada yake Lempi anakunywesha mchuzi, na bado unatapika. Alisema hayo kwa maneno kumi na mawili, nimeyahesabu, kisha akakata simu.

Sikuulizi chochote. Ukiweza kushika kalamu, niandikie wewe mwenyewe.

Bibi yako

Hietavaara, 29 Desemba 1978

Bibi,

Natumai Krismasi ilikuwa njema huko na kwamba walikupeleka kanisani kama walivyoahidi. Mimi napata nafuu. Barua yako ya tarehe kumi na nne ilinifikia Jumatatu, baada ya jambo lenyewe kutokea.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na sita. Niliwasha saa tatu, na saa nne nikasukuma bamba kwa sababu nilitaka kwenda kwenye gari la posta na kurudi kwenye joto. Niliketi kuvaa viatu. Nakumbuka kamba ya kiatu cha kushoto, na kwamba nilishindwa kujua inapita tundu gani. Nikajiambia nipumzike kidogo.

Armas alikuwa uani kwake anapasua kuni za sauna. Aliona moshi wetu ukipanda, kisha aliuona ukikatika ghafla. Kumbe hutazama moshi wa nyumba hii kila asubuhi, bibi, kabla hajanywa kahawa. Alijua saa moja haitoshi makaa kutulia. Anasema alikuja kunitukana tu. Alinikuta kando ya mlango, akanivuta kwa kola hadi nje kwenye theluji, akafungua kila kitu. Nilipofumbua macho alikuwa ameinama juu yangu, uso mweupe kuliko theluji yenyewe.

"Pumua, mtoto," alikuwa akisema. "Pumua, pumua. Utakuja kuwa mjinga kesho."

Nilikaa kwao siku tisa. Baba amejua. Alipiga simu kwa Armas, na nilimsikia kutoka upande wa pili wa chumba. Anasema nirudi Borås, na nyumba itangazwe kuuzwa. Bibi wa huduma za nyumbani wa tarafa naye amesikia, na amesema atakuja kuikagua nyumba, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaamua.

Nimekuharibia, bibi. Ulinipa sharti moja. Nitaondoka baada ya sikukuu ya Epifania, na ufunguo nitamwachia Armas. Nisamehe.

Helka

Wodini, 3 Januari 1979

Helka, mjukuu wangu,

Nakusalimu mara nyingi, na nakuomba uisome barua hii ukiwa umeketi.

Nilikupa sharti, sikukupa sababu. Hilo ni kosa langu, na nimelibeba miaka thelathini.

Nyumba ilipokamilika mwaka 1948, ilikuwa Novemba. Magogo yalikuwa mabichi, yanavuja maji kila tanuri likiwashwa. Baba yako alikuwa na miaka kumi na miwili. Miihkali alikuwa kambini kwa wakata miti. Nilikuwa nimelala katika nyumba za watu, vyumba vya watu, majiko ya watu, kwa miaka minne, nikiomba ruhusa ya kuchemsha maji. Hatimaye nilikuwa na tanuri langu. Sikutaka hata punje ya joto lile iende kwa mtu mwingine. Nikasukuma bamba. Kama ulivyofanya wewe, na kwa sababu ile ile.

Teuvo aliamka akaniona nimeanguka sakafuni. Alitaka kusimama, miguu ikakataa. Alitambaa hadi mlangoni, akaufungua nusu, hakuweza zaidi. Kijana mmoja wa nyumba ya pili, ambaye baba yake alikuwa amenyang'anywa malisho ili sisi tupewe, na ambaye tangu tuhamie hakuwa ametusalimu hata siku moja, aliuona mlango uko wazi kwenye baridi kali. Akaja. Alitutoa wote wawili. Hakuwahi kulizungumzia. Tangu siku hiyo hutazama moshi wetu. Nilidhani ameacha Miihkali alipofariki. Sikujua kwamba bado anaendelea.

Sasa unajua ni kwa nini baba yako hulala na dirisha wazi, hata Januari. Si kwamba anapenda hewa. Nilimwomba asimwambie mtu, na mtoto yule akanitii mpaka leo. Nilimwandikia jana kwamba ruhusa hiyo nimeiondoa.

Ukiondoka sitakulaumu, na nitakuandikia Borås kama kawaida. Lakini usiondoke kwa aibu. Aibu hiyo ni yangu, nilikuachia rafuni pamoja na masufuria.

Bibi yako,
Senja

Hietavaara, 11 Februari 1979

Bibi mpendwa,

Shikamoo kutoka kwa mtu aliyekaa kimya muda mrefu. Hujambo? Mimi ni mzima, na kama unavyoona kwenye muhuri wa posta, sijaondoka.

 Nilikaa na barua yako siku nyingi. Epifania ikapita, mizigo ikiwa imefungwa, na asubuhi ya safari ikawa digrii thelathini na nne chini ya sifuri, basi halikuwaka. Nikasema nitawasha tanuri mara moja ya mwisho. Nilivuta kigoda, nikaketi mbele ya makaa na soksi ninayofuma, nikayatazama. Ukiyatazama kwa dhati, bibi, miali ya buluu haiondoki yote pamoja. Unadhani imekwisha, kisha unagusa kaa moja na mwali mwingine unachungulia. Ilipokwisha kabisa nilichemsha kahawa, nikainywa yote, ndipo nikasukuma. Kesho yake basi liliwaka, lakini mimi nilikuwa kibandani nachagua kuni.

Sasa ndivyo ninavyofanya kila siku. Ninazo jozi saba za soksi. Asubuhi nakuta digrii kumi na tatu, na kumi na tatu si mbaya.

Bibi wa huduma za nyumbani alikuja Januari mwishoni. Jina lake Pirkko, na hakuvua koti nusu saa nzima. Alitazama ngazi, choo, kipimajoto, akauliza mzee wa miaka sitini na minane atachotaje maji kisimani. Nikasema atachotewa. Akauliza na nani. Nikasikia mdomo wangu unasema "na mimi." Akavua koti.

Bado aliandika kwamba bamba ni hatari. Kwa hiyo Armas alileta keekee yake, akalitoa bamba, akalitoboa. Tundu la ukubwa wa kidole gumba. Kwa hiyo hata likifungwa kabla ya wakati, hewa mbaya ina njia. Alifanya kazi hiyo akiguna kwamba hili lilipaswa kufanywa mwaka arobaini na nane, ila mwenye nyumba hakuwa mtu wa kushaurika.

Tafadhali usikasirike kuhusu tundu.

Mjukuu wako,
Helka

Wodini, 16 Februari 1979

Mjukuu wangu,

Salamu, na furaha yangu sitaiandika, karatasi ni ndogo.

Nimekasirika kuhusu tundu. Bamba lile Miihkali alilipata kwa kubadilishana na buti zake. Joto litavuja usiku kucha kupitia tundu la Armas Tossavainen, na mwambie nimesema anajaribu kumpasha moto farasi wake aliyekufa. Mwambie pia kwamba kama angenishauri mwaka 1948 badala ya kuninunia, ningeshaurika.

Nimeandika hayo asubuhi. Sasa ni jioni, na Aune ameniuliza kama nataka joto au nataka mjukuu. Liache tundu.

Natembea na mkongojo mmoja sasa. Ngazi sita kupanda, sita kushuka. Kwenye kushuka ndipo ninapoogopa, maana nilianguka kwenye ngazi zetu za mlangoni, na mwili una kumbukumbu yake. Baba yako hajanijibu tangu Januari. Kama ametoa tangazo la kuuza, nataka kulisikia kutoka kwako, si gazetini.

Bibi yako,
Senja

Hietavaara, 11 Machi 1979

Bibi,

Vipi hali yako na ngazi zako? Hapa tu wazima, na jua sasa linafika hadi meza ya jikoni. Theluji ina ganda gumu asubuhi, unatembea juu yake popote utakapo, kama mfalme.

Baba alikuja. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikujua ingeishaje. Alishuka kwenye basi tarehe mbili na kamera shingoni. Alitaka kupiga picha za nyumba kwa ajili ya tangazo, na kunichukua. Siku ya kwanza alipiga picha nje tu. Ndani hakukaa. Alikunywa kahawa akiwa amesimama karibu na mlango.

Siku ya pili niliwasha saa tatu kama kawaida na nikavuta vigoda viwili. Sikumwambia kitu. Alizunguka zunguka, mwishowe akaketi. Tulikaa hivyo, mimi nikifuma. Makaa yalipoanza kupungua aliniambia mambo uliyoniandikia, lakini kutoka chini, kutoka sakafuni, jinsi mtoto alivyoyaona.

"Nilidhani umekufa," akasema, akiongea na wewe, bibi, si na mimi. "Nilifungua mlango nusu. Miaka yote hii nawaza, kwa nini nusu?"

Nikamwambia nusu hiyo ndiyo Armas aliyoiona.

Alisogeza kigoda karibu na makaa. Miali ilipokwisha nikamwambia, "Baba, sukuma wewe." Akasema bado. Nikachemsha kahawa. Akasema bado. Nyumba ilianza kupoa, nikavaa sweta, yeye bado kayakodolea macho makaa. Ilikuwa karibu saa saba mchana aliponyanyuka. Alikishika kishikizo kwa mikono miwili, akakisukuma mpaka mwisho. Kisha akaenda kufungua dirisha la chumbani, na sikumkataza.

Alikaa siku nane. Filamu ya kamera imejaa picha za Armas na dada yake na samaki waliowavua chini ya barafu. Ngazi za mlangoni amezibomoa na kujenga upya, pana na fupi, zenye mkono wa kushikilia pande zote mbili, naye Armas alisimama pembeni akimwambia kwamba Waswidi hujenga hivyo kwa ajili ya ng'ombe. Siku ya kuondoka aliniuliza kama nina hakika. Nikasema Pirkko ananitafutia kazi ya kuwatembelea wazee wa tarafa majumbani kuanzia Mei. Akasema: "Ukikaa wewe, siuzi." Kisha akapanda basi haraka, unamjua.

Kikao chako ni tarehe ishirini na nane. Sitaandika kabla ya hapo. Sitaki kuongeza neno.

Mjukuu wako,
Helka

Hietavaara, 8 Aprili 1979

Mjukuu wangu Helka,

Natumai umefika Borås salama na kwamba mwenye chumba hakukusumbua kuhusu kuhama kwako. Mimi ni mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni, na ninaandika nikiwa mezani kwangu. Jua liko juu ya karatasi. Paa linadondosha maji.

Ulinileta Jumatano, baada ya kikao kukubali, na Ijumaa ukaondoka kwenda kufungasha, kwa hiyo hatukupata muda wa kukaa. Lempi analala hapa mpaka urudi, kama daktari alivyotaka. Anakoroma. Armas alipita jana kuniona. Alisimama mlangoni, akanitazama na mkongojo wangu, akasema, "Kumbe wageni wamerudi." Nikamwambia aingie, kahawa iko tayari. Nilitaka kumwambia na jambo jingine, nililolichelewesha miaka thelathini, na nilikuwa nimeliandaa vizuri wodini, kwa sentensi kamili. Alipoketi nikaweza kusema tu, "Armas, wewe hutazama moshi." Akasema ndiyo, ameshazoea, dirisha lake limeelekea huku, atafanyaje. Akanywa vikombe vitatu.

Sasa nina malalamiko. Asubuhi hii nilitaka kujitengenezea uji. Chumvi ilikuwa rafu ya juu, kushoto, tangu Miihkali alipoipigilia rafu hiyo. Haipo. Sukari haipo. Bilauri hazipo. Nilisimama katikati ya jikoni mwangu mwenyewe kama mtu aliyeingia nyumba ya watu, na kwa muda kidogo, nakuambia kweli, moyo ulinishuka. Nikaanza kufungua kabati moja baada ya jingine. Chumvi iko kwenye droo ya meza. Sukari iko juu ya benchi. Masufuria yametundikwa kwenye misumari mipya, chini. Kapu la kuni limesogezwa hadi mkono unapofika bila kuinama. Hakuna kitu katika nyumba hii kilicho juu ya bega langu wala chini ya kiuno changu. Umeizungukia nyumba nzima ukiipima kwa mwili wa mtu ambaye hakuwepo.

Nilikaa kwenye kigoda chako mpaka uji ukaungua.

Sijarudisha kitu hata kimoja mahali pake pa zamani, na sitarudisha. Lakini mkasi, Helka, nimeutafuta tangu jana, Lempi ameutafuta, Armas ametoa ushauri. Njoo haraka unionyeshe mnaweka wapi mkasi hapa nyumbani.

Bibi yako,
Senja